Kuzunguka Funguo Usizozijua

Seva imetuma jibu: majina upande mmoja, thamani upande wa pili, jozi baada ya jozi. Leo jozi ni nne, kesho huenda zikawa mia. Aliyeandika programu ya kulipokea hayajui majina hayo mapema, kwa hiyo hawezi kuyaita moja moja. Inabidi aiagize objekti yenyewe, yaani kifurushi cha jozi hizo, itaje ilicho nacho.

Katika JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliibuni kwa siku 10 tu mwezi Mei 1995 akiwa Netscape, amri ya zamani ya kazi hii ni for...in. Inapita ufunguo mmoja mmoja, na kwa kila ufunguo unachota thamani yake. Shida ni kwamba haiishii kwenye mali ya objekti husika. Objekti nyingi hurithi kutoka objekti nyingine iliyo juu yake, nayo ina ya juu yake, na for...in huupanda ukoo huo wote. Maktaba moja ikibandika kitu chake kule juu, kitajitokeza katikati ya data yako. Ndiyo maana misimbo ya zamani imejaa hasOwnProperty, swali la kama mali ni ya objekti yenyewe, kila kona. Object.keys ya mwaka 2009 ilipunguza kero hiyo kwa kutaja funguo za objekti yenyewe tu, na tangu 2017 Object.entries hukupa ufunguo pamoja na thamani yake. Anayeanza leo aanzie hapo.

Linabaki suala la mpangilio, ambalo huwachanganya hata wazoefu. Chukua objekti ya misimbo ya simu ya nchi. Ingiza 255 ya Tanzania, kisha 254 ya Kenya, kisha 250 ya Rwanda. Ukiizunguka, inatangulia Rwanda, inafuata Kenya, Tanzania inakuja mwisho! Hakuna aliyeomba zipangwe. Kanuni ya lugha inataka funguo zenye sura ya namba nzima zitangulie, ndogo kwanza, ndipo zifuate funguo za maneno kwa jinsi zilivyoingizwa. Sasa andika "+255", "+254" na "+250": Tanzania inarudi mbele, kwa sababu ufunguo wenye alama ya kujumlisha ni neno tu machoni pa JavaScript. Hata "0255", yenye sifuri mbele, huhesabiwa kuwa neno.

Chanzo cha kanuni hiyo kimo kwenye kumbukumbu. V8, injini inayoendesha JavaScript ndani ya Chrome, hutunza funguo za namba mahali pa peke yake, mbali na zile za maneno, ili iifikie thamani upesi kwa namba yake. Kasi inapatikana, mfuatano wako unapotea. Anayeutaka mfuatano atumie Map, iliyoingia katika lugha mwaka 2015. Yenyewe hutunza zamu ya kuingia hata kwa namba.

Lugha ya Python nayo, tangu toleo la 3.7, huahidi mfuatano huo katika kamusi zake. Lugha ya Go iliamua kinyume kabisa: kila ukianza kuzunguka ramani yake (map), huanzia popote kwa bahati nasibu, makusudi, ili mwanaprogramu asizoee mpangilio ambao hakuahidiwa. Kwangu mimi ukali huo unafaa. Msimbo unaotegemea mfuatano wa kubahatisha utaharibika mapema, mezani kwa aliyeuandika, kabla haujamfikia mteja.