Kiyoyozi cha Leaf, Buti la IST

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuipunguza petroli ana njia mbili zisizo mbali: afunge mfumo wa gesi asilia kwenye Toyota IST yake, au aagize Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani. Hesabu za mafuta zimeshapigwa sana vijiweni. Raha ya kukaa ndani ya magari haya haizungumzwi.

Fungua buti la IST ya gesi. Mtungi umelala nyuma ya viti, na palipobaki panatosha begi na mfuko wa mchele. Fundi halaumiki. Gesi iliyoshindiliwa kwa bar 200 ina takribani robo tu ya nishati ya petroli ya ujazo huohuo, hivyo mtungi mdogo usingekufikisha mbali. Tena, gesi ikiingia kwenye injini hula nafasi ya hewa, na nguvu hupungua kidogo. Utaligundua hilo mlimani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Asubuhi gari hilo huwaka kwa petroli kwanza, na si kwa uzembe wa mfungaji. Gesi ikitoka kwenye shinikizo kubwa hupoa ghafla, kwa hiyo kifaa cha kuipunguzia shinikizo hupashwa kwa maji ya injini kisije kikaganda. Maji yakishapata moto, gari hujihamisha lenyewe kwenye gesi.

Betri ya Leaf iko chini ya sakafu, kwa hiyo buti lipo. Lakini mimi ningeipendea kiyoyozi. Kompresa ya IST huzungushwa na mkanda wa injini: ukizima injini, joto linarudi. Ya Leaf ina mota yake. Unamsubiri mtoto nje ya shule, gari kimya, halitoi moshi, ndani baridi. Likiwa limechomekwa nyumbani, unaweza kulipangia saa lijipoze kwa umeme wa ukutani kabla hujatoka.

Ndani pakishapoa, kiyoyozi hula kilowati moja hivi au pungufu. Betri ya Leaf za mwanzo ilikuwa ya kilowati-saa 24, ilipokuwa mpya. Haina mfumo wa kuipoza, na joto huichosha: mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zinapungua uwezo mapema mno. Dar nako si baridi.

Kwa safari za Morogoro ningebaki na IST. Leaf hiyo haifiki kwa chaji moja, wakati IST gesi ikiisha inarudi kwenye petroli. Kwa mizunguko ya mjini, na kama nyumbani kuna pa kuchajia, ningechukua Leaf, hata kama maandishi ya skrini yake ni ya Kijapani. Ila kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Pembeni kulia kuna vipande vidogo vinavyoonyesha uzima wa betri. Ikiwa nzima huwa 12. Vikiwa 8, shusha bei au achana nayo.