Gitaa la Besi Linapokwaruza: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Wakati wa Kubadilisha Nati ya Nyuzi

Gitaa la besi hununuliwa kwa fedha nyingi, na mara nyingi fedha hizo ni za wengi: michango ya wanakwaya, akiba ya bendi changa, au mapato ya miezi kadhaa ya mpigaji mmoja. Linapoanza kukwaruza au kukataa kutulia katika sauti yake, si ajabu mwenye nalo akaambiwa kwamba shingo imeharibika, au kwamba chombo kimekwisha na hana budi kununua kingine. Kabla ya kuikubali hukumu hiyo, mlaji anashauriwa kukichunguza kipande kimoja kidogo, kifupi kuliko kidole gumba, ambacho peke yake huweza kuwa chanzo cha matatizo yote hayo. Kipande hicho ni nati ya nyuzi.

Makala hii inaeleza kazi ya nati, namna ya kutambua kwamba ndiyo yenye kasoro, jinsi inavyobadilishwa, na mambo ambayo mlaji anapaswa kukubaliana na fundi au muuzaji kabla ya kutoa fedha zake.

Nati ni nini?

Nati inayozungumziwa hapa si ile ya chuma inayokaza bolti. Ni kipande chembamba cha mfupa, plastiki, shaba au grafiti, kinachokaa mahali ambapo shingo ya gitaa hukutana na kichwa chenye vigingi vya kukazia nyuzi. Juu yake kuna mifereji midogo, mmoja kwa kila uzi. Kazi zake ni tatu: kuzitenga nyuzi kwa nafasi zinazofaa, kuziinua juu ya freti ya kwanza kwa kimo kinachofaa, na kuwa mwisho mmoja wa sehemu ya uzi inayotetemeka pale uzi unapopigwa bila kubonyezwa. Mwisho wa pili uko kwenye daraja, upande wa mwili wa gitaa.

Katika magitaa mengi ya besi, umbali kati ya nati na daraja ni inchi 34, yaani takribani milimita 864. Ndicho kipimo kilichotumika katika Precision Bass ya Leo Fender iliyotoka mwaka 1951. Pamoja na urefu wote huo, kosa la sehemu ndogo ya milimita kwenye nati hutosha kuiharibu sauti. Ndiyo maana kazi hii, ingawa kipande chenyewe ni cha bei ndogo, haifai kufanywa kwa pupa.

Je, kasoro iko kwenye nati?

Kanuni ya kukumbuka ni hii: uzi unapobonyezwa kwenye freti, nati huacha kuwa mwisho wa uzi ule, kwa kuwa freti ndiyo iliyoshika nafasi yake. Kutokana na kanuni hiyo, mlaji anaweza kufanya majaribio yafuatayo mwenyewe, nyumbani au dukani, nyuzi zikiwa zimekazwa katika sauti zake za kawaida za E, A, D na G.

1. Piga kila uzi bila kuubonyeza, kisha ubonyeze kwenye freti ya kwanza na uupige tena. Ikiwa mkwaruzo unasikika uzi ukiwa wazi lakini unatoweka unapobonyezwa, yaelekea mfereji wa nati umechimbika mno au ni mpana kuliko uzi. Ikiwa mkwaruzo unaendelea kwenye freti nyingi, chanzo chake ni shingo, freti au daraja, na kubadilisha nati hakutaondoa tatizo.

2. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Inapaswa kuwepo nafasi ndogo sana, inayopitisha karatasi moja au mbili za kawaida za kuandikia. Uzi ukiwa umelala juu ya freti ya kwanza, mfereji umeshuka mno. Nafasi ikiwa kubwa zaidi ya hapo, nati iko juu mno.

3. Kwa kutumia kifaa au programu ya simu ya kupimia sauti, hakikisha uzi ukiwa wazi uko sawa. Kisha ubonyeze kwa nguvu ya kawaida kwenye freti ya kwanza. Ikiwa sauti imepanda kupita kiasi hapo, ilhali kwenye freti ya 12 iko sawa, ni dalili ya nati iliyo juu mno: kidole kinalazimika kuuvuta uzi mbali kuufikisha kwenye freti, na uzi uliovutwa hupanda sauti.

4. Zungusha kigingi polepole. Ukisikia mlio mfupi kama wa kitu kinachokatika, na sauti ikaruka badala ya kupanda taratibu, uzi umebanwa ndani ya mfereji.

Kabla ya kuihukumu nati, shingo nayo ipimwe. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na, kwa mkono wa pili, kwenye freti iliyo karibu na mahali shingo inapoungana na mwili. Kwenye freti ya 7 au ya 8 inapaswa kuonekana nafasi ndogo, kati ya robo na nusu ya milimita. Nafasi hiyo isipokuwepo, au ikiwa kubwa, fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo irekebishwe kwanza, kisha kimo cha nyuzi kwenye daraja, na nati iwe ya mwisho. Fundi anayeanza kuchonga nati kabla ya kuitazama shingo ameanza kazi kwa kinyume.

Kuchagua nati mpya

Nati hazilingani. Kwa besi ya nyuzi nne, upana wa shingo mahali pa nati huwa takribani milimita 38 katika aina ya Jazz Bass, na milimita 41 hadi 44 katika aina ya Precision Bass. Kwa hiyo kumwambia muuzaji “nipe nati ya besi” hakutoshi. Pima, au umwombe fundi akupimie na kuandika: upana wa shingo mahali hapo, unene wa nati ya zamani, kimo chake, na umbali kati ya uzi wa kwanza na wa mwisho. Tazama pia ikiwa sehemu yake ya chini ni bapa au imepinda. Kama nati ya zamani bado ipo, nenda nayo dukani.

Nati huuzwa kwa namna mbili: iliyokwisha kuchongwa mifereji, na isiyochongwa kabisa. Ya kwanza hurahisisha kazi lakini haiimalizi, kwa sababu mifereji yake kwa kawaida huachwa juu kidogo ili fundi aishushe kulingana na gitaa lenyewe. Muuzaji akikuhakikishia kwamba utaipachika tu na kuanza kupiga, usiichukulie kauli hiyo kama ahadi ya kutegemea.

Kuhusu malighafi, mfupa wa ng'ombe ni mgumu na hudumu, nayo plastiki nzuri hutosheleza matumizi ya kawaida. Plastiki laini na yenye uwazi ndani huliwa upesi na nyuzi nene za besi. Ukiuziwa mfupa, jaribu upande wa chini kwa tupa: mfupa hutoa unga mkavu wenye harufu kama ya ukucha ulioungua, na plastiki hutoa vinyuzi au vumbi lisilo na harufu hiyo.

Tahadhari: usinunue nati inayodaiwa kuwa ya pembe za ndovu, hata ikielezwa kuwa imetolewa katika gitaa la zamani. Kumiliki au kuuza pembe za ndovu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Jinsi kazi inavyofanyika

Hata kama hutaifanya kazi hii mwenyewe, ni vyema kuzijua hatua zake ili uweze kumfuatilia fundi.

Kwanza, nyuzi hulegezwa taratibu, zote, kabla ya kuondolewa. Kukata uzi wa besi ungali umekazwa ni hatari kwa macho na mikono.

Pili, rangi au vanishi inayozunguka nati hukatwa kwa wembe mkali. Hatua hii ikirukwa, nati hung'oka na vipande vya rangi ya shingo.

Tatu, nati huondolewa. Ikiwa imekaa ndani ya mfereji wa ubao, husukumwa kutoka ubavuni kwa kugongwa kidogo kidogo kupitia kijiti cha mbao. Ikiwa imekaa mwishoni mwa ubao wa freti, hugongwa kutoka upande wa freti kuelekea kichwani. Isipotoka, hukatwa katikati kwa msumeno mwembamba kufuata urefu wake, kisha vipande vikabanwa kwa koleo na kutolewa. Haifai kuing'oa kwa bisibisi kutoka juu, kwa kuwa mbao ya shingo hubanduka, na madhara hayo hugharimu kuliko nati kumi.

Nne, gundi ya zamani husafishwa bila kuchimba mbao. Nati mpya husuguliwa kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka ikae sawasawa: iingie kwa kusukumwa na kidole, na isidondoke gitaa likigeuzwa.

Tano, mifereji huchongwa kwa tupa nyembamba zinazolingana na unene wa nyuzi. Seti ya kawaida ya besi ina nyuzi za unene wa inchi 0.045, 0.065, 0.085 na 0.105, hivyo tupa moja haiwezi kufaa kwa mifereji yote minne. Nafasi zinazopaswa kulingana ni zile zilizo kati ya kingo za nyuzi, wala si kati ya vitovu vyake, kwa sababu nyuzi hazilingani kwa unene. Kila mfereji uiname kidogo kuelekea kichwani, sehemu yake ya juu kabisa ikiwa upande wa freti. Mfereji ulioinama kinyume hutoa mkwaruzo na sauti isiyo sahihi.

Sita, fundi huchonga kidogo, hurudisha uzi na kuukaza hadi sauti yake, hupima kwenye freti ya kwanza, kisha huchonga tena. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mfereji ulio juu unaweza kushushwa, bali uliochimbika mno hauinuliwi kwa tupa.

Saba, kimo kikisharidhisha, nati hubandikwa kwa matone mawili madogo ya gundi nyeupe ya mbao. Gundi ikijazwa tele, atakayeibadilisha nati siku zijazo atapata taabu kuitoa na anaweza kuharibu mbao ya shingo. Unga wa risasi ya penseli ukipakwa ndani ya mifereji husaidia nyuzi kuteleza.

Kazi ya kusaga mfupa ifanywe mahali penye hewa, na anayeifanya avae barakoa.

Kukubaliana na fundi

Kabla ya kuliacha gitaa, hakikisheni mmekubaliana, ikiwezekana kwa maandishi: kasoro iliyoonekana; aina ya nati itakayowekwa; kama bei inajumuisha nyuzi mpya na urekebishaji wa shingo na daraja; siku ya kulichukua; na muda ambao fundi atarudia kazi bila malipo ikiwa nyuzi zitakwaruza. Mweleze pia unene wa nyuzi unazotumia, kwa kuwa nati iliyochongwa kwa nyuzi nyembamba huzibana nyuzi nene. Omba kurudishiwa nati ya zamani. Ndiyo ushahidi wa kipimo cha awali.

Siku ya kulichukua, rudia majaribio manne yaliyotajwa hapo juu mbele ya fundi kabla ya kumaliza malipo. Ukigundua kwamba mfereji uliochimbika umejazwa unga wa magadi ya kuokea pamoja na gundi kali, fahamu kwamba huo ni ukarabati wa muda. Unaweza kukufikisha kwenye onyesho la jumamosi, lakini haupaswi kutozwa bei ya nati mpya.

Kwa anayenunua gitaa lililotumika

Nati mbovu isiwe sababu ya kulikataa gitaa zuri. Iwe sababu ya kupunguziwa bei, kwa kiasi cha gharama ya kuibadilisha. Nchini Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo auze kitu kilicho katika ubora unaostahili. Hata hivyo, mnunuzi aliyekikagua kitu hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo ukilijaribu gitaa, lijaribu kwa makini. Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kauli za kupotosha katika biashara: plastiki isiuzwe kwa jina la mfupa, wala nati iliyojazwa gundi isiitwe mpya.

Dai risiti, na itaje kwa maneno kitu kilichouzwa au kazi iliyofanywa. Risiti iliyoandikwa “matengenezo” pekee haitakusaidia ukilazimika kurudi. Na kwa kwaya au bendi inayotunza fedha za wengi, ukaguzi wa dakika chache kwa karatasi moja na programu ya simu ufanyike kabla ya kikao chochote cha kuchangishana gitaa jipya.