Irabu Saba Mlangoni pa Intaneti: Tahajia ya Kimeru na Upanuzi wa Vikoa vya Juu

Mji wa Laare, ulioko Igembe Kaskazini katika Kaunti ya Meru, unajulikana kwa miraa kuliko kwa isimu. Hata hivyo, mtu akitaka kuona jinsi upanuzi wa majina ya intaneti unavyogusa tahajia ya lugha za Kibantu, atapata huko mfano ulio wazi. Jina la mji lenyewe halina taabu. Herufi zake zote zimo katika alfabeti ya Kiingereza, na kwa hiyo laweza kusajiliwa chini ya .ke kama lilivyo. Taabu huanza pale msemaji wa Kiigembe anapotaka kuandika, si jina la mji wake, bali jina la lugha yake: Kĩmĩĩrũ.

Yafaa kwanza kueleza istilahi. Neno "kikoa", ambalo sasa latumiwa kwa jina la anwani ya intaneti, ni la zamani: kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, kila mmoja akileta sehemu yake. Kwa bahati njema maana hiyo haiko mbali na hii mpya, kwani mfumo wa majina hauwekwi mahali pamoja, bali hugawanywa miongoni mwa wasimamizi wengi, kila mmoja akitunza fungu lake. Sehemu ya mwisho ya jina, ile inayofuata nukta ya mwisho, ndiyo kikoa cha juu. Katika miaka ya 1980 vilianzishwa vikoa vichache vya jumla, kama .com, .org na .edu, pamoja na vile vya nchi vyenye herufi mbili mbili: .ke, .tz, .ug na vinginevyo. Kikoa cha Kenya kilikabidhiwa 1993. Vikoa vidogo vilivyowekwa chini yake, kama .co.ke, .go.ke na .ac.ke, vyote ni vifupisho vya Kiingereza.

Upanuzi mkubwa ulikuja 2012, shirika la ICANN lilipowaruhusu watu kuomba karibu neno lolote liwe kikoa cha juu. Maombi 1,930 yalipokelewa, na katika hayo 17 tu yalitoka Afrika. Ada ya ombi moja ilikuwa dola 185,000 za Kimarekani. Ulikuwapo mpango wa kuwasaidia waombaji wasio na uwezo, lakini ni watatu tu walioomba msaada huo, na mmoja peke yake ndiye aliyekubaliwa. Kikoa .africa, baada ya mvutano mrefu baina ya waombaji wawili uliofika hadi mahakamani Marekani, kiliwekwa katika mfumo 2017. Hakuna aliyeshughulika sana na jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili angeliona mara moja: kwa Kiswahili bara hili huandikwa kwa k.

Kwa lugha kubwa upanuzi huo umeleta faida. Kikatalani kilipata kikoa chake, .cat, kilichoidhinishwa 2005. Mwaka 2010 Misri, Saudia na Falme za Kiarabu zilipata vikoa vya juu vilivyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na Urusi kwa hati ya Kisirili. Mtu aweza kudhani kwamba Kimeru, kinachoandikwa kwa hati ya Kilatini, hakina haja ya ukombozi wa namna hiyo. Dhana hiyo si sahihi.

Lugha za Kenya ya Kati, yaani Kimeru, Kiembu, Kitharaka, Kikuyu na Kikamba, zimehifadhi irabu saba za Kibantu cha kale. Kiswahili kimeziunganisha zikawa tano. Neno ambalo kwa Kiswahili ni "mti", kwa Kimeru ni mũtĩ, na irabu zake mbili si u wala i za Kiswahili. Alama iliyo juu ya herufi si pambo, bali ni sehemu ya herufi yenyewe. Kwa bahati mbaya Kimeru hakijatulia katika alama moja. Wako wanaoandika kwa wimbi, ĩ na ũ. Yako machapisho, ya kidini hasa, yanayotumia kofia, î na û. Na katika uandishi wa kila siku, kwenye mabango na simu, aghalabu alama huachwa kabisa.

Kwa msomaji wa kitabu tofauti hizo ni ndogo. Akikutana na mũtĩ katika ukurasa mmoja na mûtî katika mwingine, atasoma bila kusita. Kompyuta haisomi hivyo. Katika orodha ya Unicode herufi ĩ ni namba 0129, nayo î ni namba 00EE, na kwa mashine hizo ni herufi mbili zisizo na udugu. Tena, mfumo wa majina wa intaneti uliundwa kwa kanuni ya herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Ili usivunjwe, tangu 2003 jina lenye herufi za ziada hugeuzwa kuwa mfuatano wa herufi za kawaida unaotanguliwa na xn--. Kwa kanuni hiyo mũtĩ huwa xn--mt-toa8w, na mûtî huwa xn--mt-rja4c. Neno "muti" lisilo na alama hubaki lilivyo. Kwa hiyo neno moja la Kimeru lina anwani tatu, na kila moja yaweza kumilikiwa na mtu tofauti.

Hapo ndipo suala linapotoka katika darasa la fonolojia na kuingia sokoni. Wafanyabiashara wa miraa wa Igembe walikwisha kuonja taabu ya kutegemea milango ya wengine, Uingereza ilipopiga marufuku zao lao 2014. Tuseme leo chama cha wakulima kinajitangazia mtandaoni kwa jina la Kimeru lenye wimbi. Tapeli aweza kusajili jina lilelile lenye kofia, na katika kioo kidogo cha simu mnunuzi hataona tofauti. Jina kama kĩmĩĩrũ lina mahali panne pa kuweka alama. Mwandishi mwaminifu atafuata mtindo mmoja, hivyo kuna tahajia tatu tu za kweli. Lakini mghushi hafungwi na mtindo: akichanganya wimbi, kofia na herufi tupu, atapata maumbo 81.

Njia ya kuzuia hila hiyo ipo, wala si ngeni. Kanada, iliporuhusu herufi za Kifaransa katika .ca mwaka 2013, iliweka sharti kwamba maumbo yote ya jina moja, yenye alama na yasiyo na alama, yawe mkononi mwa mwenyewe mmoja. Sharti kama hilo lafaa mno lugha za E50 katika mpangilio wa Guthrie, kwa kuwa herufi zenye utata ni mbili tu na orodha ya visawe vyake ni fupi. Ila mhandisi hawezi kuiandika peke yake. Lazima aambiwe kama ĩ na î ni herufi moja au mbili, kama i tupu ihesabiwe kisawe chake, na kama jibu la Kimeru liwe ndilo jibu la Kiembu na Kitharaka.

Maswali hayo ni ya wanaisimu, na kwa sasa yanaelekea kujibiwa na watu wengine. ICANN ilipanga duru ya pili ya maombi kufunguliwa Aprili 2026, kwa ada ya dola 227,000. Si rahisi kuona nani wa Meru au Embu angelipa kiasi hicho kwa ajili ya kikoa cha juu cha lugha, na pengine haihitajiki. Chini ya .ke jina laweza kusajiliwa moja kwa moja tangu 2017, bila .co wala .or katikati, na kanuni za herufi za kikoa cha nchi huamuliwa nchini. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Jedwali la herufi ĩ na ũ pamoja na visawe vyake, likiwa limekubaliwa na wasemaji wa Kimeru, Kiembu na Kitharaka na kukabidhiwa wasimamizi wa .ke, lisingejaza zaidi ya ukurasa mmoja.