Gitaa la Umeme la Bei ya Wastani: Vipuri, Uundaji na Thamani Yake

Mtu aingiapo katika duka la ala za muziki na kulikuta gitaa la umeme la bei ya wastani, jambo la kwanza analolisoma ni jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa hilo, na la pili ni nchi lilikoundwa. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo: la Marekani ni zuri, la Mexico si baya, la Indonesia au Uchina ni la wanagenzi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hukumu hiyo ina upungufu. Gitaa linalouzwa kwa takriban dola 500 hadi 1,000 za Marekani ni zao la maamuzi mengi madogo kuhusu mahali pa kutumia fedha na mahali pa kuzibana, na mengi ya maamuzi hayo hayaonekani kwa macho. Kwa mwanamuziki aliyejinyima miaka miwili ili anunue ala moja tu ya kumpatia riziki, suala hili si la kinadharia.

Yafaa tuanze na istilahi, kwa kuwa Kiswahili hakijakubaliana kuhusu sehemu zote za ala hii. Kifaa kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme huitwa pikapu na wanamuziki. Ila msomaji anayeambiwa kuwa gitaa lina pikapu tatu huenda akafikiria magari ya mizigo. Humu nitakiita kinasa. Kile kipande chembamba chenye mifuo, kati ya kichwa na shingo, nitakiita kizingiti. Vijiti vya madini vinavyokatiza shingo ni freti.

Leo Fender, aliyeipa ala hii umbo la kiwandani, hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California. Katika Telecaster, iliyopewa jina hilo mwaka wa 1951, na Stratocaster ya mwaka wa 1954, shingo haikugundishwa mwilini bali ilikazwa kwa skrubu nne. Shingo ikiharibika, huondolewa na nyingine kutiwa. Gibson nao, katika Les Paul ya mwaka wa 1952, walifuata njia kongwe ya maseremala wa ala: shingo iligundishwa kabisa.

Wapenzi wa njia hizi mbili hubishana sana kuhusu sauti. Kwa maoni yangu, katika magitaa ya bei ya wastani tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya saa za kazi. Shingo ya kugundisha yahitaji kulinganishwa pembe yake na mwili, kubanwa, kungojewa ikauke, kisha kiungo kusafishwa kwa mkono kabla ya rangi. Ya skrubu haina safari hiyo ndefu. Kwa hivyo, magitaa mawili yakitoka katika kiwanda kimoja na kuuzwa kwa bei moja, moja likiwa limegundishwa na jingine limekazwa kwa skrubu, mnunuzi ana haki ya kuuliza: lile la kwanza lilibana fedha wapi? Hata hivyo, skrubu nazo zina sharti lake. Shingo lazima ikae barabara katika nafasi iliyochongewa. Ikichezacheza, nyuzi huegemea upande mmoja, na ule wa kwanza huteleza ukatoka ukingoni mwa shingo wakati wa kupiga.

Kuhusu nchi, historia yenyewe inatutahadharisha. Mwaka wa 1982 kampuni ya Fender ilianzisha magitaa ya Squier yaliyoundwa Japani na kiwanda cha FujiGen. Yalikusudiwa kuwa ya bei nafuu, lakini hadi leo wakusanyaji huyasaka yale ya miaka ya mwanzo. Mwaka wa 1987 Fender ilifungua kiwanda Ensenada, Mexico, safari ya saa chache tu kwa gari kutoka kile cha Corona, California. Magitaa ya PRS ya kundi la SE yalianza kuundwa Korea Kusini. Sasa mengi huundwa Indonesia na kampuni ya Cor-Tek, ambayo pia huuza magitaa kwa jina lake, Cort. Viwanda hivi hutumia mashine zinazoongozwa na kompyuta kukatia miili na shingo. Mashine ya Surabaya haikosei zaidi ya ile ya California. Kinachotofautiana ni malipo ya mfanyakazi na muda anaopewa kwa kila gitaa.

Na tusiwasahau wafanyakazi hao. Cort ilipofunga viwanda vyake vya Korea Kusini mwaka wa 2007 na 2008, kazi ikiwa imehamia kwingine barani Asia, walioachishwa kazi waliendeleza mgogoro wao na kampuni hadi mapatano ya mwaka wa 2019. Punguzo la bei analolifurahia mnunuzi lina upande wake wa pili.

Tukifungua sasa mwili wa gitaa, tunakutana na vipuri. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara elfu kadhaa, umeme huzuka katika waya huo. Kanuni hii Michael Faraday aliigundua mwaka wa 1831. Katika kinasa cha kimapokeo cha Stratocaster, kila uzi una kijiti chake cha sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Katika vinasa vingi vya bei nafuu, vijiti ni vya chuma tu, na sumaku ya kauri imebandikwa chini yake. Mpangilio huo hutoa sauti kali yenye nguvu, na wapo wapigaji wanaoupenda. Si haki kuuita mbovu kwa sababu ni rahisi.

Kipuri kinachodharauliwa zaidi ni potenshiomita, kile kidude kilicho chini ya kitufe cha kuongezea sauti. Huwa na ukinzani wa omu 250,000 au 500,000, lakini zile za kawaida huruhusiwa kupotoka kwa asilimia 20. Iliyoandikwa 500,000 yaweza kuwa 400,000, na sauti ya gitaa ikafifia kidogo katika noti za juu. Ndiyo maana magitaa mawili ya aina moja, yaliyotoka sanduku moja, huweza kusikika tofauti, na wenyewe wakadhani ni mbao.

Mbao je? Katika gitaa la umeme, kazi kubwa ya mbao, naamini, ni kutulia. Mbao isiyokaushwa vizuri huendelea kusinyaa baada ya kuuzwa, hasa ikitolewa penye unyevu na kupelekwa mahali pakavu. Ncha za freti huchomoza pembeni mwa shingo na kuchana vidole. Upatikanaji wa mbao nao hubadilika kwa sheria. Mwanzoni mwa mwaka wa 2017, mkataba wa CITES uliweka jenasi nzima ya Dalbergia chini ya udhibiti. Humo mlikuwa na rozwudi, iliyotumiwa kwa miongo mingi kwenye shingo za magitaa, na pia mpingo wetu wa Afrika Mashariki, unaochongwa klarineti. Fender ilihamia mbao ya pau ferro kwa magitaa mengi ya Mexico. Wanunuzi walinung'unikia rangi yake iliyopauka. Vidole havikuwa na la kulalamikia. Ala zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo Novemba 2019.

Kutokana na haya, mnunuzi anaweza kutenganisha yanayobadilika na yasiyobadilika. Vinasa, potenshiomita, funguo za kukazia nyuzi na kizingiti hubadilishwa na fundi kwa siku moja. Shingo iliyopinda, kiungo kilichogundishwa kwa pembe isiyofaa, au daraja la nyuzi lililotobolewa nje ya mstari wake, hayo hugharimu karibu bei ya gitaa lenyewe. Baina ya makundi haya kuna freti. Mashine hukata mifuo yake kwa usahihi, lakini katika viwanda vingi kuzisawazisha na kuzing'arisha hubaki kazi ya mkono, na ndipo haraka ya kiwanda huonekana kwanza. Pitisha kidole ukingoni mwa shingo kabla ya kutazama jina.

Gitaa moja la bendi ya wanafunzi ninalolifahamu liliitwa bovu mwaka mzima kwa kuwa halikudumu katika sauti. Funguo zake zilibadilishwa kwa mchango wa bendi nzima, na hali haikubadilika. Hatimaye fundi mmoja alikiondoa kizingiti cha plastiki, ambacho mifuo yake ilikuwa myembamba kiasi cha kuzibana nyuzi, akachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe alioupata bure buchani. Gitaa likatulia. Zile funguo za kwanza zimo bado ndani ya boksi, nzima kabisa.