Klarineti: Sauti ya mpingo inayovuka mipaka

Msafiri wa basi la usiku kati ya Kampala na Kigali huenda ameisikia mara nyingi. Dereva anaweka rumba ya zamani, magitaa yanaanza kuitana, kisha inaingia sauti ya kupuliza, laini, kama mtu anayecheka huku akilia. Wengi huiita saksafoni. Katika baadhi ya rekodi za miaka ya 1950, hiyo ni klarineti.

Mmoja wa waliompa mwanamuziki wa Kongo sababu ya kuipenda ala hiyo ni Jean Serge Essous wa Brazzaville. Mwaka 1956 alikuwa ng'ambo ya pili ya mto, Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, akiwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz pamoja na Franco. Mwaka 1959 alikuwa amerudi kwao, akashiriki kuanzisha Les Bantous de la Capitale. Klarineti na saksafoni yake zilisikika kingo zote mbili za mto. Desemba 2021, UNESCO ilipoitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu, ombi lilikuwa limewasilishwa na nchi zote mbili kwa pamoja.

Sauti tatu, bomba moja

Klarineti ni ndugu wa mbali wa zumari. Zumari la pwani hupanuka kuelekea chini na hupulizwa kwa ulimi uliokunjwa. Klarineti ina ulimi mmoja wa tete uliofungwa kwenye kipulizio, na tundu lake ni la upana ule ule karibu urefu wote. Umbo hilo ndilo linaloipa tabia yake. Chini sauti ni nzito na yenye giza, katikati inang'aa, juu kabisa ni kali kama filimbi.

Ilizaliwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1700, na fundi Johann Christoph Denner wa Nuremberg ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wake. Mwaka 1791 Mozart alimwandikia rafiki yake Anton Stadler utunzi wa klarineti na okestra ambao hadi leo ni kipimo cha kila mpulizaji. Humo ala inaimba kwa utulivu, pumzi ndefu, bila papara.

New Orleans, Marekani, iligeuka kuwa ya mtaani. Tarumbeta ilishika wimbo, na klarineti ikapanda na kushuka juu yake kama mzabibu kwenye ua. Mwaka 1924 utunzi wa George Gershwin, Rhapsody in Blue, ulifunguliwa kwa klarineti inayoteleza kutoka chini hadi juu kwa pumzi moja. Miaka ya 1930 Benny Goodman akawachezesha nayo vijana kwenye kumbi za dansi.

Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliifanya ilie na kukwikwi kwenye harusi. Waturuki hupenda klarineti ndefu zaidi, yenye sauti ya chini, na huiburuza kati ya noti mithili ya mwimbaji.

Mti na karatasi zake

Klarineti za wanafunzi nyingi ni za plastiki. Zile za wataalamu hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo wa viwanda vya Ulaya hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Ni mbao nzito kiasi cha kuzama majini, na hukubali kutobolewa kwa usahihi mkubwa. Mti huo huo ndio unaochongwa vinyago vya Kimakonde.

Tatizo ni muda. Mpingo unakadiriwa kuhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, na sehemu kubwa ya gogo hutupwa kwa sababu ya nyufa na mapango. Kenya wachongaji walishauona mwisho wa hadithi hiyo: mpingo ulipoadimika, wengi walihamia miti mingine, ukiwamo mwarobaini.

Kilwa, kusini mwa Tanzania, vijiji vimejaribu njia nyingine. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, na mapato ya mpingo huingia kijijini.

Kwa mfanyabiashara, jambo la kushika ni hili. Tangu 2 Januari 2017 mpingo umo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hivyo magogo na mbao zake zinapovuka mpaka wa nchi zinahitaji kibali. Mwanzoni hata ala zilibanwa. Baada ya malalamiko ya wanamuziki na mafundi, mkutano wa Geneva wa Agosti 2019 ulizisamehe ala za muziki zilizokamilika, pamoja na vipuri vyake. Bidhaa nyingine zilizokamilika, kama vinyago, husamehewa ikiwa mbao hizo hazizidi kilo 10 kwa shehena.

Msamaha huo ni wa CITES tu. Sheria ya misitu ya kila nchi inabaki palepale, na ofisi ya misitu ndiyo ya kuulizwa kabla ya mzigo kupakiwa. Anayebeba klarineti yake begani kwenda kupiga harusi ng'ambo ya pili hana haja ya kibali cha CITES. Mwenye gunia la vinyago na aanze kwa mizani.