Kwenda Saa 15, Kurudi Saa 14

Mtu akilaza rula juu ya ramani ya darasani kutoka Nairobi hadi New York, mstari wake utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria na Mali kabla ya kufika baharini. Akifanya hivyo kwa uzi uliokazwa juu ya tufe, uzi utapanda kaskazini: Chad, jangwa la Algeria, Morocco, ndipo Atlantiki. Uzi haujakosea. Ramani ndiyo iliyoibana dunia ya mviringo ikawa bapa. Njia ya uzi ndiyo fupi, takriban kilomita 11,840.

Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kati ya miji hiyo Oktoba 28, 2018, kwa Boeing 787. Ndege hiyo hukata karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo hesabu ya shule ya msingi inatoa saa 13 na ushei. Ratiba haikubali. Pamoja na muda wa kutambaa uwanjani na kupanda angani, kwenda hutengewa takriban saa 15, kurudi takriban 14.

Manahodha wa majahazi wangeelewa upesi. Kwa karne nyingi walingoja kaskazi iwalete Lamu na Unguja kutoka Uarabuni, kisha kusi iwarudishe. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kilomita 9 hadi 12 kutoka chini, kuna mkondo wa hewa uendao kasi kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi hupamba moto. Anayekwenda Marekani anakutana na upepo wa mbisho; anayerudi anasukumwa mgongoni. Februari 2020, wakati wa dhoruba, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Kasi yake ikipimwa kutoka ardhini ilivuka kilomita 1,300 kwa saa, lakini haikupasua mwendo wa sauti: hewa yenyewe ilikuwa inasafiri nayo, kama maji ya mto yanavyobeba mtumbwi na mpiga kasia wake.

Nairobi ina shida nyingine, nayo iko chini. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mbawa hazipati cha kutosha cha kuegemea, na injini nazo zinavuta hewa haba. Hata njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita 4 haimalizi tatizo, kwani safari ndefu hudai mafuta mengi, na kila tani ya mafuta inagombania nafasi na abiria na mizigo. Kuondoka usiku kunasaidia: hewa ikipoa, huwa nzito. New York, iliyo kando ya bahari, haina kero hiyo.

Halafu kuna siasa. Kutoka Helsinki hadi Tokyo ni karibu kilomita 7,800, na ndege za shirika la Finnair, zikipita juu ya Urusi, zilikuwa zikitumia saa 9 hivi. Urusi ilipolifungia shirika hilo anga yake mwaka 2022, safari ikafika saa 13. Baadhi ya ndege zikalazimika kupitia Ncha ya Kaskazini, na abiria wakapewa cheti cha kuivuka.