Jibini Katika Nchi ya Samli

Mtu apitaye Sapiwi, kata ya wakulima wa pamba na wafugaji wilayani Bariadi, katika mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimekwisha kuotesha malisho mabichi, atayakuta maziwa tele hata majirani wakapeana bila ya hesabu. Na akirudi Septemba, ardhi imekauka na ng'ombe wamedhoofu, atayatafuta maziwa hayo kwa taabu. Wasukuma tangu kale wameikabili shida hii kwa mtindi na samli, na jawabu hilo lilikuwa la hikima. Ila iko njia ya tatu, nayo ni jibini, ambayo wengi huidhania kuwa chakula cha hotelini. Nami nashikilia kwamba dhana hiyo si sahihi, kwani ajuaye kugandisha mtindi amekwisha kuimaliza nusu ya kazi.

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa kadiri ya sehemu 87 katika 100. Ndani yake huelea matone ya mafuta, sukari iitwayo laktosi, na chembe ndogo mno za protini ya kaseini, ambazo husukumana kwa nguvu ya umeme, ndiyo sababu hazishikamani. Katika kibuyu cha mtindi, bakteria huila ile laktosi na kutoa asidi. Asidi ikizidi, msukumano hutoweka, chembe hushikana, na maziwa yakaganda. Mtindi huo ukimiminwa katika kitambaa safi cha pamba na kutundikwa kivulini usiku kucha, maji ya manjano yenye kukaribia kijani hudondoka tone baada ya tone, na asubuhi hubakia kitambaani kitu cheupe, laini, chenye uchachu wa kiasi, ambacho Waarabu wa Sham hukitia chumvi na mafuta ya zeituni wakakila kwa mkate. Hiyo tayari ni jibini.

Jibini ngumu za Ulaya hutokana na njia nyingine. Katika tumbo la nne la ndama anyonyaye mna kimeng'enya kiitwacho kaimosini, ambacho huzikata nywele ndogo mno zilizo nje ya chembe za kaseini, ambazo nazo huzizuia kushikana. Bonge litokealo hunyumbulika, laweza kukandamizwa, kutiwa chumvi, na kuhifadhiwa miezi, hata miaka. Watu huuliza kwa nini wafugaji wetu, ambao ng'ombe ndiyo mali yao, hawakuishika njia hiyo. Kwa rai yangu zipo sababu mbili za busara. Ng'ombe wetu wa asili, mwenye nundu, aghalabu hateremshi maziwa ila ndama wake awe karibu. Kumchinja ndama kwa ajili ya tumbo lake ni kujinyima maziwa yenyewe. Tena jibini ngumu huiva katika ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15 za sentigredi, na nyumba gani ya Sapiwi ina ubaridi huo mchana kutwa? Ndiyo maana jibini za namna hiyo, zilipofika kwetu, zilipiga kambi milimani: Njombe, kwa msaada wa Wataliano, Limuru, huko Kenya, na Masisi, mashariki ya Kongo, ambako ufundi ulioletwa na mapadri wa Kibelgiji umekuwa mali ya wakulima wenyewe, na jibini yao ya manjano huuzwa sokoni Goma.

Iifaayo Sapiwi ni jibini mbichi ya kuliwa upesi, dada wa paniri ya Wahindi. Maziwa hupashwa moto mpaka yakaribie kufura, sufuria ikaepuliwa, kisha hutiwa maji ya ndimu kidogo kidogo huku yakikorogwa taratibu. Kwa muda hakuna litokealo. Halafu, kwa ghafla, weupe ule hukatika, na mabonge yakaelea katika maji yaliyotakata. Lita 10 hutoa zaidi ya kilo moja, kwani joto limezibadili hata zile protini ambazo kwa njia ya kaimosini huondoka na maji, nazo zikanaswa ndani ya bonge. Hukamuliwa, hutiwa chumvi, na kuwekwa chini ya jiwe safi kwa saa mbili tatu. Maji yake yasimwagwe. Yanafaa kwa uji.

Jibini hii haiyeyuki motoni, maana asidi imekwisha kuiondoa kalisi iliyokuwa ikiziunganisha chembe za kaseini. Basi ikatwe vipande, ikaangwe kwa samli mpaka ukoko wa hudhurungi utokee, iliwe kwa ugali wa mtama na kachumbari. Au ivurugwe juu ya michembe, yaani vipande vikavu vya viazi vitamu, iliyopikwa: chumvi kidogo huuzidisha utamu wa kiazi, na mafuta ya jibini hushika harufu yake na kuiachilia mdomoni, ikapanda puani kwa njia ya koo. Kwa sababu hiyo hiyo jibini yoyote, hata ile ya Njombe, isiliwe ikiwa baridi, kwa kuwa mafuta yaliyoganda huificha ladha.

Kuhusu matumbo, mwaka 2007 mtaalamu wa urithi Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti waliofanya miongoni mwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakadhihirisha kwamba wafugaji wa pande hizi wana badiliko lao wenyewe la urithi, si lile la Wazungu, liwawezeshalo watu wazima kuimeng'enya laktosi. Nalo lilizuka ndani ya miaka 7,000 iliyopita. Asiyejaliwa badiliko hilo, naye akaumwa na tumbo kila anywapo maziwa, huenda akaistahimili jibini, kwa kuwa sehemu kubwa ya sukari hiyo imeondoka na maji.

Nawasihi akina mama wa Sapiwi, na wa mkoa mzima wa Simiyu, wajaribu mvua zijazo kwa lita mbili tu. Lakini maziwa, yawe ya jibini au ya mtindi, yachemshwe kwanza, kwani bruselosi, maradhi yawatupishayo ng'ombe mimba, humfikia binadamu kwa maziwa mabichi. Na jibini mbichi isiyowekwa katika friji iliwe siku ile ile iliyotengenezwa.